Vitenge Vinavyovuka Ziwa Mara Mbili

Ghala la bandarini Kigoma, saa za mchana, lina usingizi wake. Nje jua linachoma mabati. Ndani mwanga unapenya kwenye matundu ya misumari na kutua sakafuni vipande vipande, na vumbi la saruji linaelea humo bila haraka ya kwenda popote. Saruji ya kwenda Bujumbura imepangwa kushoto. Chumvi ya Uvinza iko katikati, juu ya mbao, isije ikanywa unyevu wa sakafu. Mabati, sabuni, unga, mafuta ya kujipaka, madaftari ya shule, vyote vimeshushwa kutoka kwenye mabehewa na vyote vinangoja meli. Ukiwauliza makuli watakwambia mzigo umelala, na wao wenyewe wamelala juu yake.

Kazi yangu ilikuwa kupima usingizi huo. Hivyo ndivyo nilivyomweleza Mama, maana siku niliyomwambia kwamba mimi ni mchambuzi wa biashara ya nje na usafirishaji wa shehena alinitazama kama mtu aliyekuja kumuuzia bima. Nilikuwa nafuatilia kilichoingia kwa treni, kilichotoka kwa meli kwenda Burundi na Kongo, na kilichokaa katikati na sababu ya kukaa kwake. Kila mwaka ofisi yetu hutoa taarifa ya biashara ya mkoa, na majedwali yake mengi yalipita mikononi mwangu. Ndugu zangu wanasema nina hasira za karibu. Ni kweli, lakini mle ghalani zilikuwa zinanitoka. Nilikuwa naingia na kalamu na karatasi, nakaa juu ya gunia, na baadaye najikuta sijaandika kitu, nasikiliza tu mabati yakitanuka kwa joto.

Siku moja, huko nyuma gizani, nikaona marobota ya vitenge. Moja lilikuwa limechanika pembeni na kitambaa kinachungulia: konokono wa njano juu ya bluu nzito, ile bluu ya ziwa mvua kubwa inapokwisha na milima ya Kongo inaonekana. Mimi nikiona rangi naondoka duniani. Nilikishika, nikakinusa, kikawa na harufu ya gundi na ya chuma cha behewa. Marobota yale yalikuwa yamevuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni na kukata nchi nzima, na nyaraka zake zilisema yanakwenda Kongo. Kwetu yanapita tu. Niliandika nilivyotakiwa kuandika, nikaenda kula.

Wiki kadhaa baadaye nikapita kwa Mama sokoni Ujiji, na mbele ya kibanda chake nikawakuta konokono wangu wametundikwa, wanapepea.

"Mama, hiki umekitoa wapi?"

"Kongo. Kimekuja juzi na boti."

"Hiki kilikuwa kwenye ghala letu. Nimekiona kwa macho yangu."

"Ndiyo," alisema Mama, huku akimkunjulia mteja kitenge kingine. "Kilikuwa kwenu, kikaenda ng'ambo, kikarudi."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayekueleza kwamba maharage huchambuliwa kabla ya kupikwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuchemka. Nikamuuliza kwa nini kitambaa kipite mbele ya mlango wetu, kivuke ziwa, kipandishwe boti ya mbao na kuletwa tena Ujiji, kilipiwe huko na huku.

"Kilipokuwa ghalani kwenu kilikuwa kinaitwaje?" akauliza.

Kwenye nyaraka kiliitwa kitambaa cha pamba kilichopigwa chapa.

"Sasa kinaitwa Taratibu Nitafika," alisema Mama. "Na tangu asubuhi sijakaa chini."

Huku kwetu mwanamke hanunui kitenge kwa macho peke yake, anauliza jina. Jina likishika, mji mzima unakitaka. Lisiposhika, kitenge hata kiwe kizuri vipi kitaishia kuwa pazia. Mtu anakwenda harusini amevaa Jirani Funga Dirisha, na waliopo wote wanajua anamsema nani, na anayesemwa anajua zaidi. Majina hayo hayatoki kiwandani. Yanatoka ng'ambo kwa wanawake wa Kongo wanaojua kazi hiyo, na kwa Mama yalitoka kwa mtu mmoja tu.

Mtu huyo nilifundishwa kumwita Mama Mdogo, ingawa sura yake sikuikumbuka. Vita vya kwao vilimleta Ujiji wakati mimi sijajua kutembea. Alikaa nyumbani kwetu, alilala chumba kimoja na Mama, na Mama akiwa sokoni alinibeba mgongoni. Kulipotulia akarudi na mumewe kwao Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na tangu siku hiyo yeye na Mama hawakuonana tena. Mama alikuwa na kibanda ambacho hakuna wa kumshikia, na watoto wanaotaka kula. Mwenzake alikuwa na mume aliyekuja kuugua na kulala kitandani moja kwa moja. Robota la kwanza Mama Mdogo alilituma kama shukrani. Mama akaliuza, akamrudishia mawese na sabuni. Likaja la pili. Ikawa biashara, na hakuna siku waliyokaa wakakubaliana kwamba ni biashara.

Simu zilipokuja hazikubadilisha kitu kikubwa. Wote wawili wanaongea na simu kwa sauti ya juu na kwa haraka, utadhani nyumba inaungua. Robota likifika Mama alikuwa anapiga, anaeleza rangi na picha ya kila kitenge, na kule ng'ambo anatajiwa jina lake. Hayo tu, kisha simu inakatwa. Lakini mimi nimekaa kibandani pale Jumamosi nyingi za maisha yangu, na nikaja kuona kwamba Mama akishatajiwa majina hufanya jambo. Lilipokuja jina Paa Linavuja, alitafuta mabati akayapakia kwenye boti ya kwanza. Lilipokuja Mkwe Hapiki, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Na lilipokuja Mgonjwa Amekula Leo, alifunga kibanda mapema, akatununulia samaki, migebuka ya ziwani, tukala kama sikukuu.

Mama Mdogo hakuwa mtu wa kusema habari zake kwa mdomo. Alizitundika kwenye kitambaa, na Mama alikuwa anazipokea. Wanawake wa Kigoma wakavaa Mgonjwa Amekula Leo mwaka mzima, kanisani na kwenye maulidi, bila kujua mgonjwa ni nani, na mimi nilikuwa nawapita barabarani nikijisikia vizuri kwa namna ambayo nisingeweza kumweleza mtu.

Kosa la ofisini lilikuja wakati huo, na lilikuwa kosa ambalo watu wa majedwali tu ndio wanaweza kulifanya. Vitenge vilivyopita kwenda Kongo viliandikwa mahali pake, kwenye mizigo ya kupita. Vitenge vilivyorudi mwaloni Kibirizi kwa boti za mbao, ambavyo akina Mama walivilipia ushuru kama kawaida, viliandikwa mahali pake pia, kwenye bidhaa kutoka Kongo. Kila mstari ulikuwa sahihi. Ukiisoma taarifa nzima, unaambiwa kwamba ng'ambo ya ziwa kuna watu wanatengeneza nguo nyingi na nzuri.

Bosi wangu aliusoma mstari wa pili akafurahi sana. Ni mtu wa Kilimanjaro aliyehamishiwa kwetu, mpole, mwenye kulalamikia joto letu na ndizi zetu, na mwenye kupenda habari njema.

"Dada, Kongo wana kiwanda cha nguo," aliniambia.

"Hawana, mkuu. Ni vitenge vilevile vilivyopita hapa. Vinakwenda kupewa majina."

Alinitazama kwa huruma. Akasema nguo haziokotwi porini, kwa hiyo lazima kuna mashine mahali. Tulikuwa tumealikwa Kalemie kwa mazungumzo ya meli na nafasi za maghala, na yeye alikuwa ameshatuma maombi kwamba baada ya mkutano tungependa kutembelea kiwanda. Wenyeji, kwa adabu zao, walikuwa wamejibu kwamba ziara imekubaliwa. Mpaka leo sijui walikuwa wamepanga kutupeleka wapi.

Tulivuka kwa meli ya mizigo. Ilitoka alasiri imejaa saruji mpaka imezama kidogo, na mji wa Kigoma ukawa unapungua nyuma yetu, kwanza watu, kisha miembe, kisha nyumba zikabaki kama punje za mchele zilizomwagika kilimani. Nilijilaza juu ya magunia ya unga. Nilikuwa nimeiandika safari hii kwenye jedwali sijui mara ngapi na sikujua kwamba ina ukimya wa namna ile. Maji hayakuwa na mawimbi. Injini ilikuwa inaguna chini ya mgongo wangu, unga ulikuwa bado na joto la jua, na nikawa sijui tena kama tunakwenda au ziwa ndilo linapita. Nilimwaza Mama, ambaye maisha yake yote ameuza Kongo na Kongo yenyewe ameiona kwa mbali tu, siku za baada ya mvua. Nikasinzia. Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha, na ile milima niliyoizoea ikiwa kivuli cha bluu ilikuwa mbele yangu, mirefu, ya kijani, ina mashamba na moshi wa watu wanaopika chai.

Mkutano ulikwenda kama mikutano. Ilipofika saa ya kiwanda wenyeji wakaanza kutazamana, mmoja akakumbuka gari ni bovu, mwingine akasema barabara. Nikawaonea huruma. Nikamwambia bosi kwamba kiwanda mimi nakijua, twende kwa miguu.

Kwa kuelekezwa tulifika kwenye uwanja uliofagiliwa, wenye ukuta wa matofali na kamba ya kuanikia nguo. Kwenye kamba kulikuwa na kitenge kimoja peke yake, miavuli myekundu juu ya kijivu, kimefunguliwa chote. Mbele yake mwanamke mnene amekaa kwenye kiti, anakitazama. Nilijitambulisha kuwa ni mtoto wa mwenzake wa Ujiji. Aliinuka polepole, akanishika mashavu.

"Ni wewe? Ule mutoto wa mugongo wangu?" alisema. "Niko naona mama yako kabisa. Hata kasirani ni ya kwake."

Nililia bila kupanga. Sikumkumbuka, lakini shingo yangu ilikumbuka harufu yake, ya mawese na sabuni ya kipande, na ikainama yenyewe.

Bosi alisubiri kwa adabu, kisha akauliza mashine ziko wapi. Mama Mdogo akapiga kiti chake kwa kiganja.

"Mashini ni hii, papa. Ukae."

Akakaa. Tukaletewa chai. Mama Mdogo akatueleza, kipande kwa kipande, kwamba kilamba, ndivyo wanavyokiita kitenge, kikifika hapa kimetoka mbali na hakijui mtu, kwa hiyo kinatundikwa peke yake na kuangaliwa. Wanawake wanapita njiani na kusema neno. Mmoja aliegemea ukuta akasema miavuli ile inamkumbusha shemeji yake anayejificha akidaiwa. Mama Mdogo akatikisa kichwa, bado. Mwingine akasema lingine, bado. Jina likipatikana anamvisha kwanza mwanamke mwenye maneno mengi na kumtuma sokoni. Watu wakilirudia mpaka jioni, limeshika. Wasipolirudia, kitenge kinarudi kwenye kamba. Wakati anaeleza, kikohozi kilisikika nyuma ya pazia la mlango. Alichukua kikombe, akaingia, akakawia, akatoka.

"Anakula?" nikamuuliza.

"Kidogo," alisema, akakaa tena.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa uwanja. Kitenge kilikuwa kinajaa upepo na kuuachia, kinajaa na kuuachia. Bosi alikuwa amevua viatu. Nilidhani amelala. Kisha akasema, hakusema na mtu yeyote, kwamba asubuhi mke wake amempigia, nyumbani kunanyesha, migomba imelala chini na watoto hawajaenda shule. Akasema ni mwaka wa ngapi huu mvua iko kwao na yeye hayuko.

Mama Mdogo akageuza kichwa akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri.

"Iko tayari," alisema. "Inaitwa Mvua Iko Kwetu."

Bosi alicheka, kisha hakucheka. Alinunua doti moja ampelekee mkewe na akakataa kufungiwa kwenye mfuko, akaibeba mkononi mpaka melini.

Wakati wa kuagana Mama Mdogo alinivuta pembeni ya ukuta. Alisema simu yeye haijui. Akiwekewa sikioni maneno yote yanakimbia anabaki na salamu. Akasema mwambie dada yangu marobota yanakuja. Nikamwambia nitamwambia.

Melini, wakati wa kurudi, bosi alikaa karibu yangu na kalamu. Sitasema alikuwa mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Alichora ziwa, akachora mshale wa kwenda na mshale wa kurudi. Kitambaa kilekile kinalipia ghala mara mbili, meli na boti, makuli wa huku na wa huko, kinalala huku na kinalala kule, na mwishoni anayelipia yote hayo ni mwanamke wa Ujiji anayetaka kitenge. Mwenye mzigo, yule anayeuagiza kutoka nje, akiruhusiwa kuulipia ushuru Kigoma na kuuza hapahapa, bei itashuka. Alisema, wewe ni mchambuzi, nionyeshe nilipokosea. Niliangalia mishale ile mpaka macho yakauma. Ingekuwa saruji ningeiandika mwenyewe bila kuambiwa. Nilikuwa na hasira iliyojaa kifua, na nilipomtafuta wa kumkasirikia sikumpata.

Nilikwenda kwa Mama kabla ya kuandika. Nilimkuta anakunja, nikakaa nikamsaidia, upande huu yeye na upande huu mimi. Nikamweleza mishale ya bosi. Nikamwambia nikiandika hivyo watafungua duka getini bandarini, na hakuna atakayengoja robota la ng'ambo.

"Ni kweli au si kweli?" aliuliza.

"Ni kweli."

"Basi andika. Sikukusomesha uje uandike nusu."

Tukakunja kitenge kingine, na kingine. Mama ana namna ya kukunja ambayo pembe zinakutana bila kutazamwa. Alipofika cha mwisho akakiacha mapajani.

"Ila biashara ikifa," alisema, "huyu mwenzangu nitampata wapi?"

Nikamwambia watapigiana simu. Mimi mwenyewe nilijua nimesema upuuzi.

Niliandika. Niliandika njia yote ilivyo, na nikaongeza aya moja ya kueleza kwamba ng'ambo kuna kazi inafanyika juu ya vitenge hivi, kwamba vinarudi na thamani ambayo havikuondoka nayo, na kwamba kazi hiyo ihesabiwe. Aya ilirudishwa imepigwa mstari, pembeni pameandikwa: haina kipimo. Nilipandisha sauti kikaoni mpaka mtu akafunga mlango. Bosi, kwa upole wake uleule, akasema dada, nipe kipimo nitairudisha. Tani, mita, saa, chochote. Nilikaa nikafikiria kiti, chai na upepo. Taarifa ikaenda bila hiyo aya.

Haikupita muda ruhusa ikatoka, na mwenye mzigo akafungua duka karibu na geti la bandari. Vitenge vizuri, vipya, bei nafuu, na sitajifanya kwamba watu hawakufurahi. Walifurahi. Niliona wanawake wa Ilagala na wa Katonga wakitoka pale na vitenge ambavyo zamani wangevitazama tu, na nilifurahi nao, kwa kweli, kisha nikakumbuka. Mwanzoni walikuwa wanapita kibandani kwa Mama wakiwa wameshanunua, wanakikunjua, wanauliza, "Mama, hiki kinaitwaje?" Mama anasema sijui, hiki hakikutundikwa ng'ambo. Wengine wakajaribu kuvipa majina wenyewe, majina yasiyovuka hata mtaa. Baadaye wakaacha kuuliza. Mama akaongeza nyuzi na vifungo kibandani, akaongeza mawese, na ile kamba ya mbele ikawa inaanikwa taulo.

Alikuwa bado anapiga simu kila wiki. Mimi nilikuwa namshikia.

"Dada, salama?"

"Salama. Na wewe?"

"Salama. Mzigo?"

"Hakuna."

"Haya."

Wanabaki hewani kidogo, kila mmoja anamsikia mwenzake anavyopumua, kisha mmoja anakata. Miaka yote ile walikuwa hawajawahi kuhitaji kujua kuzungumza.

Kisha, kiangazi kilipokuwa kinaisha, kijana wa boti akaleta kifurushi. Halikuwa robota, ilikuwa doti chache tu zilizobaki ng'ambo, zimefungwa kwa kamba ya mkonge. Vikombe vyeupe juu ya kahawia. Mama aliwahi kuzitundika kabla hata ya kunywa maji, na nikaona mgongo wake umenyooka. Wateja wawili wakasogea palepale. Mama akapiga simu, akaeleza vikombe, akaeleza kahawia, akasikiliza.

"Kinaitwaje?" wakauliza wale wateja.

"Kitanda Kikubwa," alisema Mama.

Wakaangua kicheko. Mmoja akajifunga kitenge kiunoni papo hapo na kuchezesha nyonga, akasema hiki nakichukua, mume wangu akione. Mwingine akasema nikatie na mimi kabla hakijaisha. Mimi pia nilicheka. Mama hakucheka. Alisimama ameshika simu iliyokwisha kukatwa, kisha akaanza kuzitoa doti zile kwenye kamba, moja baada ya nyingine, na ile ya kiunoni mwa mteja akaifungua kwa mikono yake mwenyewe.

"Hakiuzwi," alisema.

Wateja waliondoka wakinung'unika. Nikamuuliza Mama kuna nini.

"Mume wake amefariki."

"Amekwambia?"

"Si ndiyo ameniambia hivyo."

Alikunja kila kitu. Akakunja na taulo, akaziweka nyuzi na vifungo kwenye boksi, akafunga mlango wa kibanda, na ufunguo akampa mwanamke wa kibanda cha pili ambaye kwa miaka mingi aliutaka ule upande wenye kivuli. Akaniuliza meli ya Kalemie inatoka lini, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Nilimpeleka bandarini mwenyewe. Alivaa gauni lake la msibani na alikuwa na mkoba mdogo wa kwapani. Foleni mbele yetu ilikuwa ya wanawake wa biashara, kila mmoja na mabegi yake, ndoo zake, katoni zake za sabuni. Afisa wa dirishani ananifahamu kwa ajili ya kazi yangu. Alimwamkia Mama shikamoo, akachukua hati yake, akachungulia chini, akachungulia nyuma yake.

"Mzigo wako uko wapi, mama?"

"Sina mzigo."

"Umeshapakiwa?"

"Sina."

Akanitazama mimi, nami nikatazama chini. Akasema hapa lazima aandike sababu ya safari. Ni biashara gani anakwenda kufanya.

"Sina biashara," alisema Mama.

"Sasa ng'ambo unakwenda kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa?"

"Mwenzangu amefiwa. Nakwenda kukaa naye."

Afisa aliweka kalamu chini. Kisha akagonga muhuri, akamrudishia hati kwa mikono miwili na kumpa pole. Mama alivuka ubao wa kuingilia melini taratibu, ameshika kamba kulia na kushoto, maana tangu nimjue hiyo ndiyo siku ya kwanza mikono yake haikuwa na kitu.